Gemu Moja, Kadi Tatu: Nani Anaishi Kwenye Mji Wako?



Nawaandikia kutoka hapa Ilembo, Manispaa ya Mpanda. Kijana mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza: "Kaka, nina kadi mbili za gemu moja na ninadunduliza ninunue ya tatu. Ni dhambi?" Gemu yenyewe ni Animal Crossing: New Leaf, inayochezwa kwenye Nintendo 3DS. Nimeona tulitafakari pamoja, maana hata kama hujawahi kuishika, swali linatugusa. Wengine tuna simu mbili, wengine viatu vya aina ileile pea tatu.

Kwa wasioijua: humo hakuna vita wala magoli. Unakuwa meya wa mji mdogo, unapanda miti, unavua samaki, unapamba nyumba na kusalimiana na majirani ambao ni wanyama. Kadi moja inabeba mji mmoja tu. Ukitaka mji wa pili bila kuufuta wa kwanza, inabidi ununue kadi nyingine. Tena kila mji una tunda lake la asili, na tunda la mji wa mwenzako ukiliuza kwako linalipa zaidi. Basi mwenye kadi mbili na mashine mbili anaweza kujitembelea, kujipelekea matunda na kufanya biashara na nafsi yake.

Sasa sikia chanzo chake. Mtunzi, Katsuya Eguchi, ameeleza kwamba wazo lilimjia baada ya kuhama Chiba kwenda Kyoto kufanya kazi Nintendo. Aliwakumbuka ndugu na marafiki aliowaacha. Toleo la kwanza likatoka Japani mwaka 2001. Yaani gemu hii ilizaliwa na upweke wa mtu aliyetamani kuwa na watu wake. Na kwenye New Leaf, kadi moja ina nafasi ya wachezaji wanne katika mji mmoja.

Tajiri aliyeongea peke yake

Fungua Luka 12:16-21. Mashamba ya tajiri yamezaa sana, anapanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Sisi wa Katavi, watu wa mahindi na mpunga, hatuwezi kusema kujenga ghala ni dhambi. Ila angalia anaongea na nani. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, kisha anaipongeza nafsi yake. Hakuna mke, mtoto, kibarua wala jirani kwenye mipango yake. Ghala limejaa, lakini yeye yuko peke yake mpaka usiku ule anapoitwa na Mungu.

Basi jibu langu kwa yule kijana lilikuwa hili: kadi ya pili si dhambi kwa sababu tu ni ya pili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2404, inatufundisha kwamba mali yako halali ni yako, lakini umepewa uitunze kwa faida ya wengine pia. Ukimpa mdogo wako kadi moja ili mtembeleane, kadi hiyo imeleta jirani. Ila kama unanunua nyingine ili mdogo wako asiguse mji wako, wakati ule wa kwanza una nafasi ya watu wanne, hapo umelipa pesa ili ubaki peke yako.

Pea moja inatosha

Tunaye mwalimu wa rika letu, Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda kompyuta, na gemu alicheza pia, ila alijiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki. Mama yake amesimulia kwamba alipotaka kumnunulia pea mbili za viatu, Carlo alisema moja inatosha, pesa nyingine iende kwa maskini. Hakuchukia viatu. Alimwona mtu ambaye hana hata pea moja.

Jiulize wiki hii

1. Kitu gani ninacho zaidi ya kimoja, na cha pili kinamsaidia nani?
2. Nani nyumbani ameomba kutumia changu nikamkatalia?
3. Pesa ninayodunduliza sasa, nimeongea na Mungu kuihusu au nimeongea na nafsi yangu tu?

Tusali

Ee Bwana, umetupa vitu ili tukutane na watu. Utuokoe na furaha isiyo na jirani. Utufundishe kusema "inatosha", na kufungua mlango kwa anayebisha. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Amina.