Kuwaongoza Watu katika Mabadiliko ya Kilimo

Katika somo hili twataka kujifunza jinsi ya kumwongoza mkulima anapotakiwa kuacha desturi yake ya shambani na kushika jambo jipya. Neno hili lawahusu hasa walimu wa vijijini, maana mtu apatwaye na shida shambani mara nyingi huiambia nafsi yake, "Nitakwenda kwa yule ninayemwamini," kabla hajamwendea bwana shamba.

1. Mambo yaliyopita Buha

Watu wa Rungwe Mpya na wa Kasulu na Kibondo kote wayajua mabadiliko tangu zamani. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha Waha wengi na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Tena mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini. Na tarehe 6 Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza ya kuwa kukaa vijijini ni amri kwa nchi nzima. Faida zilikuwako, maana shule, zahanati na maji viliweza kuletwa karibu na watu.

Lakini mgomba haubebeki kama kitanda. Hustawi karibu na nyumba kwa kulishwa majivu na takataka za jikoni miaka mingi, na aliyehama aliuacha nyuma yake. Katika vijiji vingi vya Tanzania mashamba ya karibu yalichoka upesi, na yale ya mbali yaliwachosha watu kwa mwendo. Waliopanga makazi hawakuuliza vya kutosha habari za udongo, wala hawakuwauliza wale walioujua.

2. Milima miwili

Tuitazame sasa milima miwili ya nchi yetu, tuone tofauti. Huko Uluguru, katika mpango ulioanza mwaka 1950, watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isichukue udongo. Hatari ile ilikuwa ya kweli. Lakini udongo mzuri wa juu ulikuwa mwembamba. Kuchimba kulitoa nje udongo usio na rutuba, na kazi yenyewe ilikuwa nzito. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kuupinga mpango, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baadaye mpango ukaachwa.

Wamatengo wa Mbinga nao hulima kwenye miteremko mikali. Hukata nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunikia nyasi zile. Hubaki mashimo yaitwayo ngoro. Maji ya mvua hutulia humo, na nyasi zikioza huwa mbolea. Kazi hii pia ni nzito, lakini wameifanya vizazi kwa vizazi bila kusimamiwa na askari, kwa kuwa wameiona faida yake. Basi tusiseme ya kuwa mkulima ni mvivu au ni adui wa mambo mapya. Hukataa jambo ambalo hasara yake aiona, na faida yake haioni.

3. Jambo lililo mbele yetu

Leo twasikia kilio cha muhogo. Magonjwa mawili huusumbua. Batobato hukunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Michirizi ya kahawia huozesha mihogo ndani ya ardhi, hata kama shina laonekana zima. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, tena huenezwa kwa mbegu, yaani pingili zilizokatwa katika mashina yenye ugonjwa.

Bwana shamba husema: ng'oeni mashina yaliyougua, pandeni mbegu safi. Asema kweli. Lakini kwa mama wa nyumba muhogo ulio ardhini ndio ghala yake. Akiung'oa wote kwa siku moja, watoto watakula nini mpaka mpya ukomae? Kwa hiyo twashauri taratibu hii:

Kwanza, ulizeni. Kwa nini apanda aina ile? Pengine hukaa ardhini muda mrefu bila kuharibika. Pengine ni muhogo mchungu, ambao nguruwe hawaupendi. Pasipo kujua sababu, hatuwezi kumshauri.

Pili, anzeni na kipande kidogo cha mbegu safi, mbali na mashamba yaliyougua. Shina lolote litakaloonyesha ugonjwa humo ling'olewe mara moja, bila kulihurumia.

Tatu, shamba la zamani livunwe mapema, liliwe kidogo kidogo. Lakini mashina yake yasipandwe tena kamwe, wala asipewe jirani.

Nne, siku ya kuvuna waiteni majirani. Mihogo ya shamba jipya na ya lile la zamani ikatwe mbele yao, kisha isongwe ugali, wauonje. Wakisema ule mpya haupendezi kinywani, msiwabishie. Mwambieni bwana shamba maneno yao.

Tukumbuke ya kuwa shauri likiharibika, anayelala njaa ni mkulima, si mshauri. Ndiyo sababu yatupasa kumwacha apime mwenyewe kwa kipande asichoogopa kukipoteza, na kumngojea kwa saburi.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Ni kitu gani kilichosahauliwa watu walipohamishwa?
2. Mbona kazi nzito ilikataliwa Uluguru, na kazi nzito yapendwa Umatengo?
3. Kijijini kwenu ni nani awezaye kutoa kipande cha kujaribia mbegu safi, nanyi mtamsaidiaje kikishindwa?