Je, Masihi Anatawala Sasa au Atatawala Baadaye?

Ndugu msomaji, ukiwauliza Wakristo wawili wa madhehebu mbalimbali swali hili, huenda ukapata majibu mawili yasiyopatana. Wa kwanza atakuambia ya kuwa Yesu amekwisha tawazwa, ameketi kuume kwa Mungu, na miaka elfu iliyotajwa katika Ufunuo mlango wa 20 ndiyo zama hizi tulizomo. Wa pili atasema: bado, Yesu mwenyewe atateremka mawinguni, atawaangusha watawala wa dunia, na hapo ndipo miaka elfu itakapoanza kuhesabiwa. Wote wawili wanashika Biblia ile ile. Mwenye kutafuta haki hana budi kulichungua jambo hili, maana maisha ya mtu anayemtii mfalme aliyekwisha kuja si sawa na maisha ya mtu anayemngojea.

Na tuwatendee haki wote wawili. Mafarisayo walipomwuliza Yesu ufalme wa Mungu utakuja lini, aliwajibu ya kwamba hauji kwa kutazamwa kwa macho, bali umo kati yao (Luka 17:20-21). Watu walipotaka kumshika kwa nguvu ili wamfanye mfalme, alijitenga akaenda mlimani peke yake (Yohana 6:15). Huo ni ufalme uliokuwapo tayari, usio na askari wala kodi. Lakini aliwafundisha pia wanafunzi wake waombe ufalme uje, na katika Mathayo mlango wa 25 Mwana wa Adamu aonekana akiketi juu ya kiti cha utukufu kuwahukumu mataifa. Anayeshika upande mmoja wa maneno hayo na kuuacha wa pili hajaisoma Injili yote.

Tofauti hii ni ya kale. Katika karne ya pili, Justino na Ireneo walitazamia utawala wa miaka elfu papa hapa duniani. Eusebio, askofu wa Kaisaria, alipoona Kaisari Konstantino anawapendelea Wakristo, aliusifu utawala wake kana kwamba ni mfano wa ufalme wa mbinguni. (Dini ikipata ulinzi wa dola, wanazuoni wake huwa wepesi kuona kuwa ahadi zimetimia!) Kisha mwaka 410 Wagothi wakaiteka Roma, na Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, akaandika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu. Humo alifundisha ya kuwa miaka elfu ni muda wote wa Kanisa tangu kuja kwa kwanza hata kuja kwa pili. Kanisa la Magharibi likaifuata rai yake kwa karne nyingi.

Wenye kungoja nao waliingia katika hesabu. William Miller, mkulima wa jimbo la New York, alizichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akaifanya kila siku kuwa mwaka, akaanza kuhesabu tangu 457 K.K., akafika 1843. Baadaye wafuasi wake wakaitaja siku yenyewe: 22 Oktoba 1844. Siku ikapita kama siku nyingine. Charles Taze Russell (1852-1916) akautaja mwaka 1914. Mwaka huo vita kuu ilizuka, lakini mfalme hakuonekana. Na leo Mashahidi wa Yehova hufundisha ya kuwa Yesu alianza kutawala mwaka huo huko mbinguni, pasipo kuonekana. Hesabu yao ya miaka 2,520 huanza 607 K.K., wanaposema Yerusalemu uliangamizwa, hali wanahistoria huliweka tukio hilo katika 587 au 586 K.K. Tazama ajabu hii: waliongojea ufalme wa kuonekana kwa macho wamelazimika kuukiri ufalme usioonekana!

Matarajio hayo yalifika Afrika pia. Huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Elliot Kamwana alihubiri mwaka 1908 na 1909 ya kwamba mwaka 1914 ufalme ungekuja na utawala wa Waingereza ungekoma. Maelfu wakabatizwa, naye akahamishwa na serikali. Mafundisho ya namna hiyo yalienea hata Kongo, yakaitwa Kitawala. Jina lenyewe latokana na Watch Tower, jumuiya ya Russell, lakini sikio la Mswahili husikia humo neno “kutawala”. Tusiwacheke watu hao. Aliyetozwa kodi ya kibanda na kufanyishwa kazi kwa nguvu, akaambiwa kwamba mfalme mwadilifu yu njiani, angewezaje kuziba masikio?

Sasa tumwulize Yesu mwenyewe jinsi ahadi ya kurudi inavyotimia. Wayahudi waliamini ya kuwa Eliya alipaa mbinguni katika upepo wa kisulisuli (2 Wafalme 2:11), na Malaki 4:5 ikaahidi kwamba atatumwa tena. Hata leo humwekea kikombe katika karamu ya Pasaka. Basi wanafunzi walipouliza habari za Eliya, Yesu alijibu ya kuwa amekwisha kuja na watu hawakumtambua; nao wakafahamu kwamba anamtaja Yohana Mbatizaji (Mathayo 17:10-13). Msomaji mwangalifu atauliza: mbona Yohana mwenyewe alikana kuwa Eliya (Yohana 1:21)? Alikana kwa sababu waliomwuliza walimtaka Eliya yule yule wa kale. Luka 1:17 yaeleza ya kuwa alikuja katika roho ya Eliya na nguvu zake. Hukumu hii imetolewa na Yesu, na ndugu zetu Wakristo hawawezi kuikubali kwa Eliya wakaikataa kwa Yesu.

Kurani Tukufu yaafikiana na hayo. Katika Sura Aali Imran (3:56, Bismillahi ikihesabiwa) Mwenyezi Mungu amwahidi Nabii Isa a.s. kwamba atamfisha, atamwinua kwake, na atawaweka wafuasi wake juu ya waliomkataa mpaka siku ya Kiyama. Kufa kwake kumetangulia. Ushindi unapita kwa wafuasi. Nasi Waahmadiyya twaamini ya kuwa ahadi ya kuja kwa pili ilitimia kwa Hazrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. wa Qadian, aliyedai mwaka 1891 kuwa Masihi Aliyeahidiwa, kama vile ya Eliya ilivyotimia kwa Yohana.

Hapo mtu atasema: kama amekuja, amani i wapi? Mbona mataifa yangali yanapigana? Swali hili ni la haki, na hata Yesu aliulizwa la namna hiyo, kama atawarudishia Israeli ufalme (Matendo 1:6). Jibu limo katika mfano wa Marko 4:26-29: mkulima hupanda, hulala na kuamka, na mbegu humea asivyojua yeye. Wakristo wa kwanza waliteswa, wakachomwa moto na kutupiwa wanyama wakali, mpaka mwaka 313 walipopewa uhuru wa kuabudu katika dola yote ya Roma. Tangu msalaba hata mwaka huo ni karibu miaka 280. Tangu 1891 mpaka leo haijatimia hata nusu yake.