Chunusi za Ukubwani na Krimu Zisizo na Lebo

Chunusi haziishi na ujana. Watu wazima wengi, hasa wanawake, huzipata kidevuni na tayani siku chache kabla ya hedhi, kutokana na homoni. Uchafu si chanzo chake. Kwa muuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, anayeshinda juani kando ya barabara kuu, mafuta mazito ya kujipaka huziba vinyweleo na kuzidisha tatizo.

Jihadhari na krimu ya kuchanganywa, inayouzwa kwenye kikopo kisicho na lebo. Baadhi huwa na steroidi: mwanzoni uso hutulia, na ndiyo maana husifiwa sana, baadaye ngozi huwa nyembamba, na chunusi hurudi kwa wingi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi. Tangu 2019 msimamizi wa vipodozi ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, wala usikamue. Benzoili peroksaidi ya duka la dawa ipewe wiki 6 hadi 8. Dawa za jamii ya vitamini A zaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, mjamzito asizitumie. Aliyekwisha kuzoea krimu ya kikopo aende kituo cha afya nacho mkononi.