Kitu Kikiingia Jichoni, Tangulia na Maji

Kitu kikiingia jichoni, mkono huwahi kufika kabla ya akili. Tunafikicha. Hapo ndipo chembe ya mchanga, ambayo ingetoka na machozi, inapoburutwa juu ya konea na kuikwaruza. Konea ni ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni. Unene wake pale katikati ni kama nusu milimita tu, nayo imejaa mishipa ya fahamu, ndiyo maana punje ya vumbi humfanya dereva wa bodaboda asimamishe pikipiki kando ya barabara.

Kwa hiyo usifikiche. Pepesa mara kadhaa, uyaache machozi yafanye kazi yake. Kikigoma kutoka, nawa mikono kwa sabuni. Mwenye lenzi za machoni azitoe. Maji yaliyochemshwa yakapoa yanafaa sana. Inamisha kichwa upande wa jicho lenye shida, mimina polepole kuanzia kona ya puani kwenda nje, ili uchafu usihamie jicho la pili. Mtoto mdogo mviringishe kwanza kwenye khanga, mikono ikiwa ndani, la sivyo mtapigana na jicho litaumia zaidi.

Kama kila ukipepesa unahisi mkwaruzo, huenda kitu kimejificha chini ya kope la juu. Lishike kwa nywele zake, livute mbele kisha chini hadi lifunike kope la chini, uliachie. Nywele za kope la chini mara nyingi hukifagia. Uchafu unaoonekana upande wa ndani wa kope unaweza kuzolewa kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa. Juu ya konea usipitishe chochote, iwe pamba, njiti ya kiberiti au wembe. Wapo wanaoaminiwa kutoa uchafu kwa ulimi, na wapo wanaokamulia maziwa ya mama. Nia ni njema, lakini mate yana bakteria wengi, na maziwa hayo si dawa ya jicho lenye mchubuko.

Kikishatoka, jicho linaweza kuendelea kuwasha kana kwamba bado kimo. Ni mchubuko, na mdogo hupona kwa siku moja au mbili. Ila maumivu yakizidi, ukishindwa kutazama mwanga, au ukiona ukungu, nenda hospitali.

Mambo matatu yanataka hospitali bila kuchelewa. La kwanza ni chokaa, saruji na maji ya betri. Hapa osha papo hapo kwa maji yoyote safi yaliyo karibu, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa dakika zisizopungua 15, na 30 ni bora zaidi. Kisha nenda hospitali hata kama unajisikia nafuu. Chokaa ni hatari kupita wengi wanavyodhani, kwa sababu huendelea kupenya ndani ya jicho.

La pili ni chuma kinachoruka kwa kasi kutoka kwenye grinda, nyundo au patasi. Kinaweza kutoboa jicho na kuingia ndani huku maumivu yakiwa madogo. Ukiona kitu kimechoma, damu, au mboni imepoteza umbo la duara, usioshe, usibonyeze, usichomoe. Funika kwa kikombe safi cha plastiki kinachoegemea mifupa ya uso bila kugusa jicho, ukibandike kwa plasta, na mgonjwa apelekwe haraka. Hata chuma kilichonasa juu juu huacha kutu kwenye konea ndani ya saa chache, na kutu hiyo huondolewa na mtaalamu wa macho.

La tatu ndilo linalodharauliwa zaidi, nalo huwapata wakulima: jani la mahindi, kapi la mpunga au kijiti kikikwaruza jicho. Mimea hubeba fangasi. Mkwaruzo unaweza kuonekana umepoa, kisha siku kadhaa baadaye jicho likawa jekundu na doa jeupe likatokea kwenye konea. Mtu hukimbilia duka la dawa, akapewa matone yenye steroidi. Wekundu unapungua, yeye anafurahi, kumbe fangasi wanazidi kula konea. Usitie matone ya steroidi, wala ya kutia ganzi, bila kupimwa jicho. Kidonda cha konea kikichelewa kutibiwa huacha kovu, na kovu likikaa mbele ya mboni, uoni haurudi kwa miwani.

Kinga ni nafuu kuliko yote hayo. Miwani ya jua haitoshi kuzuia chuma. Inayotakiwa ni miwani ya kazi iliyofunika hadi pembeni. Mwenye karakana, inunue hiyo miwani, na grinda isiwashwe kabla fundi hajaivaa.