Paa, Jiko na Maji: Nyumba ya Pwani Wakati wa Kimbunga

Pwani ya Afrika Mashariki wengi husema vimbunga ni shida ya Madagaska na Msumbiji. Historia inawakatalia. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuangamiza meli za Sultani Barghash. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia; kilikuwa kimeshapungua nguvu, lakini hata hivyo safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa.

Nyumba huanza kushindwa juu. Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia upenuni au kwenye dirisha lililovunjika hulisukuma kutoka ndani. Kwa hiyo bati hung'oka kwanza ukingoni na kwenye kofia, na hapo ndipo misumari iongezwe. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya mnene au utepe wa chuma, maana msumari mmoja wa mshazari hautoshi. Mawe na matairi ambayo wengi huweka juu ya bati yanafaa kwa upepo wa kawaida tu. Kimbunga huyarusha kwa jirani. Yashushwe mapema, na matawi yanayoning'inia juu ya nyumba yakatwe. Kazi hizi ni za kiangazi, fundi akiwa na nafasi. Tahadhari ikishatangazwa redioni, muda uliobaki ni wa kujaza madumu maji ya kunywa, kuchaji simu na kufunga vyeti, kadi za kliniki na dawa za kila siku ndani ya mfuko wa nailoni.

Wanaoambiwa wahame, wahame. Aprili 2019 wakazi wa mabondeni Mtwara walitakiwa kuondoka kwa ajili ya Kenneth, na kimbunga kikaishia kuingia Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka. Usumbufu ulikuwepo, lakini ni usumbufu wa bei nafuu sana.

Upepo ukikatika ghafla, watu wasitoke. Huenda hilo ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi ukitokea upande wa pili.

Mvua ikizidi, jiko la mkaa huvutwa hadi chumbani. Hatari yake haionekani wala hainuki: mkaa hutoa kabonimonoksidi, na familia iliyofunga madirisha inaweza kulala isiamke. Jenereta nayo isiwashwe ndani wala barazani.

Kisha maji. Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, na kabla mwezi haujaisha kipindupindu kilikuwa kimetangazwa. Kiliwapata watu zaidi ya 6,000. Mafuriko hujaza vyoo vya shimo na kumwaga uchafu wake visimani, kwa hiyo hata maji yanayoonekana maangavu yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Anayeharisha apewe ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini, mara moja. Ikikosekana, lita 1 ya maji salama ikorogwe na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akiharisha majimaji mfululizo apelekwe kituo cha afya, huku akiendelea kunyweshwa njiani.