Kabla Hujatuma Pesa ya Kivungulio, Soma Hii Kwanza

Mama ya mwenzetu mmoja hapa ofisini ni mkulima kule Kinangop. Baridi kali ilikuwa imemuunguzia nyanya shambani misimu miwili, akaamua kununua kivungulio, ama grinihausi vile wengi wetu tunaita. Akapata muuzaji kwenye mtandao, picha zinavutia, bei nzuri. Siku ya kulipa, muuzaji akamwambia, "Mama, till inasumbua leo, tuma tu kwa hii namba yangu." Akatuma shilingi 60,000. Wiki mbili za kwanza zilijaa ahadi. Wiki ya tatu simu ikawa mteja.

Mwenzetu alipojaribu kumsaidia kurudisha muamala, pesa ilikuwa imeshatolewa kwa ajenti kitambo.

Tunapokea simu za aina hii, na karibu zote zinafanana: mtu alilipa pesa nyingi, mara moja, kwa namba ya mtu binafsi. Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu kivungulio chenyewe na jinsi ya kukilipia, kwa sababu hayo mawili hayaachani.

1. Je, kwenu kunahitaji kivungulio?

Kivungulio hushika joto. Nyanya hupenda joto la kati ya nyuzi 20 na 27 hivi, kwa hivyo sehemu za baridi kama Kinangop, Limuru ama Molo kitakusaidia. Lakini kama uko Makueni, Kilifi ama sehemu nyingine ya joto, karatasi ya nailoni inaweza kugeuza hiyo nyumba kuwa jiko. Maua yatadondoka kabla ya kushika matunda. Huko, nyumba ya neti ya kivuli mara nyingi hufaa zaidi, na bei yake huwa chini.

2. Pima udongo kabla ya kununua hata msumari mmoja

Wakulima wengi hupoteza mtaji hapa. Mnyauko wa bakteria hukaa ndani ya udongo kwa miaka, na ukishaingia kwenye kivungulio hakuna dawa ya kupulizia itakayoumaliza. Kama shamba lilikuwa na viazi, nyanya, biringanya au pilipili, kaa macho, maana mimea hiyo ni ya jamii moja na huugua ugonjwa huo huo.

Unaweza kuanza na jaribio la bure. Tafuta mmea wa nyanya ama kiazi ulionyauka ghafla ukiwa bado kijani. Kata shina karibu na udongo, kisha ulishikilie ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, mnyauko uko. Baada ya hapo peleka udongo kwenye maabara, kwa mfano zile za KALRO, Kabete. Gharama ya kupima ni ndogo sana ukilinganisha na hasara ya kivungulio kizima. Udongo ukipatikana na ugonjwa, panda kwenye mifuko yenye udongo safi kutoka kwingine, au hamisha mradi.

3. Piga hesabu ya maji na mimea

Tuchukue kivungulio cha mita 8 kwa 15, ambacho ni saizi ya kawaida ya kuanzia. Hiyo ni mita 120 za mraba. Ukipanda miche 300 utabaki na nafasi ya kupita na hewa ya kutosha. Mnyanya mkubwa hunywa karibu lita moja na nusu kwa siku, kwa hivyo unahitaji kama lita 450 kila siku. Tangi la lita 1,000 litakubeba siku mbili tu. Kama maji yenu huja mara moja kwa wiki, suluhisha maji kwanza, kivungulio baadaye.

Fanya pia hesabu ya mauzo ukiwa mkali kwako mwenyewe. Miche 300 ikikupa kilo 5 kila mmoja ni kilo 1,500. Ukiuza kwa shilingi 50, hiyo ni 75,000, na hujatoa mbegu, mbolea, dawa na kibarua. Muuzaji akikuahidi kwamba msimu mmoja utarudisha pesa yote, mwombe akuchapie hesabu yake kwenye karatasi.

4. Mbao au chuma? Kujenga au kununua?

Fremu ya mbao ni rahisi kuanza nayo, na fundi wa mtaa anaweza kuijenga. Ila mbao lazima ziwe zimewekwa dawa, la sivyo mchwa watakula mradi wako. Fremu ya mabomba ya chuma isiyoshika kutu hugharimu zaidi lakini hudumu miaka mingi.

Kwa vyovyote vile, hivi vinne usivibanie:

- Karatasi iliyowekwa kinga ya jua, unene wa maikroni 200. Nailoni ya kawaida hupasuka mapema. Hata ile nzuri weka bajeti ya kuibadilisha baada ya miaka mitatu hadi mitano.
- Neti ya wadudu pande zote na kwenye matundu ya hewa. Tuta absoluta akiingia, ni vita.
- Milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na mahali pa kukanyagia dawa kabla ya kuingia.
- Mipira ya maji ya matone yenye chujio, ili matundu yasizibe.

Upande mwembamba wa kivungulio uelekee kule upepo mkali hutokea. Ukiweka upande mrefu, upepo utaondoka na karatasi.

5. Lipa kwa awamu

Tuseme mmekubaliana shilingi 180,000. Kikomo cha muamala mmoja ni 250,000, kwa hivyo simu itakuruhusu kutuma yote mara moja. Usitume. Kubaliana hivi, kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu:

- 54,000 baada ya kutembelea kivungulio ambacho muuzaji alijengea mtu mwingine, na ukaongea na mwenyewe.
- 72,000 vifaa vikifika shambani, baada ya kuvikagua.
- 54,000 kazi ikiisha na maji yakipita kwenye kila mpira.

Lipa kwa till au paybill ya biashara. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama jina silo lile lililo kwenye risiti au mkataba, simamisha hapo hapo. "Till inasumbua" si sababu ya kutuma kwa namba ya binafsi. Mwambie utangoja itengenezwe.

Hifadhi ujumbe wa kila malipo. Ukituma kimakosa, omba kurudishiwa mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa hatuwezi kuirudisha wenyewe. Ukitapeliwa, chukua nambari ya muamala uende polisi upewe OB, kisha utupigie.

6. Weka pesa ya msimu kando

Kivungulio kikisimama, matumizi ndiyo yanaanza. Fungua akiba tofauti kwenye simu kwa ajili ya mbegu, mbolea na dawa ili isichanganyike na karo. Ukinunua mbegu, kwangua stika ya KEPHIS kwenye pakiti na utume namba iliyofichwa kwa 1393 kuhakikisha si feki.

Na yule mama? Alirudi kwa chama chake, wakamkopesha. Safari hii alipima udongo, akajenga cha mbao na fundi wa hapo kijijini, akalipa mara tatu. Fundi alipoomba malipo ya mwisho kabla ya kufunga neti, alimjibu, "Mwanangu, funga neti kwanza, pesa iko hapa kwa simu, haitoroki." Neti ilifungwa jioni hiyo.