SOMO: Ng'ombe Akitupa Mimba, Andika Tarehe

Leo leteni daftari na kalamu.

Mwisho wa 1997 mvua ya El Niño ilinyesha bila kukoma, na huko Garissa Homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Ilirudi mwisho wa 2006 baada ya mafuriko, na watu zaidi ya 150 wakafa hapa Kenya. Mtasema Garissa ni mbali. Lakini ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na ng'ombe wengine tunaonunua wanatoka Transmara.

Unaeneaje? Kuna mbu anayetaga mayai kwenye udongo wa mabonde, nayo hukaa hapo miaka mingi. Maji yakituama, yanaanguliwa, na mbu wengine wanazaliwa tayari wana viini. Wakiuma mifugo, wenye mimba wanazitupa na wadogo wanakufa. Mtu huupata hasa kwa kushika damu au mimba iliyotupwa, au kuchinja mnyama mgonjwa. Wengi wanapata homa tu, tunaiita malaria. Wachache wanatokwa damu, au macho yanaharibika.

Kwetu mashimo ya matofali bondeni yanajaa maji kila msimu. Basi kikundi kichague mwandishi mmoja. Kila mkutano aulize: mvua ilikuwaje, nani ng'ombe wake ametupa mimba, ndama na kondoo wangapi wamekufa, nani ana homa? Mimba moja haithibitishi kitu, hata brusela hufanya hivyo. Lakini ikiwa boma tatu wiki moja, baada ya mvua kubwa, msingoje. Mwambieni afisa wa mifugo na wa afya siku hiyo hiyo, wote wawili, maana mara nyingi mmoja hajui anachojua mwenzake.

Shida ni kuficha. Kwetu mwenzetu mmoja alitupia mbwa mimba usiku, akiogopa wateja wa maziwa watamkimbia. Hatukumlaumu, karo inatoka kwa maziwa hayo. Tulikubali mfuko wa kikundi umkopeshe mpaka ng'ombe apimwe. Mimba izikwe shimo refu, kwa glavu, na maziwa yachemshwe.

Mjadili mkutano ujao: mfuko wenu unaweza kumbeba mwenye ng'ombe kwa wiki ngapi?